Mwambata na Kesi ya Vinyago

Mtu wa kwanza kuninyima kitu nikaondoka nikishukuru ni jirani yangu, Mwambata. Nilikwenda kuazima ngazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema amefarijika kwamba suala la ngazi nimelifikisha kwake mapema, akaahidi kulipa uzito unaostahili, kisha akanisindikiza hadi getini kanishika kiwiko, kama mtu anayemsindikiza waziri. Nilifika kwangu kifua mbele. Mke wangu akauliza, "Ngazi iko wapi?" Nikatazama mikono yangu yote miwili.

Tunamwita Mwambata kwa sababu ndicho alichokuwa: mwambata wa biashara kwenye ubalozi wetu katika nchi moja ya baridi, kwa miaka mingi, hadi alipostaafu akaja kujenga hapa Goba, kwenye mteremko wa juu yangu. Jina analo. Kazaliwa wapi na ni wa ukoo gani sijui, wala sitamuuliza. Mtu yule ukimuuliza swali la namna hiyo atakujibu kuanzia alasiri hadi magharibi, nawe utarudi kwako ukiamini amezaliwa mikoa mitatu.

Na mie ninayemsimulia ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, mimi na matokeo tukakubaliana kila mtu ashike njia yake. Mke wangu ndiye anayetoka asubuhi kwenda kazini; mie nabaki na kuku wa mayai na redio. Kwenda Mtoni kwa mjomba wangu ni safari ninayoiwaza wiki nzima na kuiahirisha mara mbili kabla sijavaa viatu. Kwa hiyo dunia nimeijua kupitia uzio, na kwa bahati yangu ng'ambo ya uzio yuko mtu aliyeiona yote akaikunja akaiweka mfukoni.

Elimu yangu ya mambo ya nje ilianza na jogoo. Wiki ya pili ya Mwambata mtaani nilikuta karatasi imechomekwa kwenye geti langu. Haina kichwa, haina tarehe, haina sahihi. Imeandikwa kwa mashine: "Imebainika kuwapo kwa jogoo. Inaaminika pande zote zingenufaika iwapo jogoo huyo angezingatia saa za mapumziko." Nikapanda nayo.

"Shikamoo mzee. Hii barua ni yako?"

"Marahaba. Hiyo si barua, jirani."

"Ni nini sasa?"

"Ni karatasi. Barua huwa na mwenyewe."

"Na hii haina mwenyewe?"

"Ukikasirika, haina. Ukikubali, ni yangu."

Akanieleza kwa upole kwamba hivyo ndivyo serikali zinavyozungumza zikiwa hazitaki kugombana. Unaandika jambo bila jina, unampa mwenzako na chai, unatazama uso wake. Uso ukikunjamana, karatasi haikuwahi kuwapo. Nilirudi kwangu nikawaza sana. Jumapili nikamchinja jogoo, nikampelekea paja. Alilipokea kwa niaba ya familia yake.

Lakini kumweleza Mwambata bila kuieleza kesi ya vinyago ni kueleza pilau ukaacha mchele. Kesi ile ndiyo iliyokuwa kazi ya maisha yake. Na mambo ya Mungu, iliingia kwenye ukoo wangu miaka mingi kabla yeye hajawa jirani yangu.

Mjomba wangu ni mchonga vinyago. Yeye na wenzake wa kutoka Kusini wana karakana yao Mtoni, nyuma ya barabara ya Kilwa, mahali ambapo ukivuta pumzi unavuta na vumbi la mpingo. Zamani hizo walialikwa kupeleka kazi zao kwenye maonyesho huko kwenye nchi ya baridi. Wakafunga makasha, na kwa kuwa aliyewaalika alikuwa mtu wa utaratibu, makasha yakakatiwa bima kwenye soko la bima la nchi hiyo hiyo.

Mie nilikuwaga nikisikia soko la bima naliona kama soko la Temeke: akina mama wamepanga bima mafungu mafungu juu ya gunia, "Bima ya moto hiyo baba, chukua, nakuongezea na ya mafuriko." Siku moja nikamwambia Mwambata. Nilitegemea acheke.

"Hujakosea sana," akasema. "Ni jumba kubwa, wamo watu wengi, na kila mmoja anachukua kipande kidogo cha hatari yako. Wanaikata kama mbuzi buchani. Mambo yakienda vizuri kila mtu anakula kipande chake. Meli ikipata matatizo, ukaenda kumtafuta aliyechukua paja, kila mmoja anakuonyesha utumbo."

Meli ikapata matatizo. Maji yaliingia ndani, makasha yakalowa, yakashushwa na kuwekwa ghalani huko huko. Baadhi ya vinyago vilipasuka. Soko likasema halilipi, kwa kuwa kilichopasua vinyago si maji bali kasoro ya asili ya mti wenyewe. Mjomba alipotafsiriwa maneno hayo pale karakana aliuliza, "Kwa hiyo mti umejipasua kwa utovu wa adabu?"

Wachongaji wakapata wakili, wakafungua kesi hapa hapa Dar. Soko likajibu kwamba lenyewe halishtakiwi ugenini. Mwenye shida nalo aende kwao. Mahakama ya hapa ikasema hapana, njooni. Basi serikali ya nchi ile, ambayo haiingiliagi mahakama hata siku moja, ikamwalika Mwambata chai.

Habari ya chai hiyo nimesimuliwa mara nyingi, barazani kwake, naye kavaa tai. Anavaa tai hata akitoka kutupa taka.

"Walisema wanaheshimu uhuru wa mahakama zetu," alisema. "Nasi tukasema tunaheshimu uhuru wa soko lao. Wakasema wangependa tu msimamo wao ueleweke. Tukasema umeeleweka. Walifurahi mno."

"Walikuwa wanataka nini hasa, mzee?"

"Walitaka kesi ife."

"Walisema hivyo?"

"Jirani, wangesema hivyo tungekasirika."

Chai ile ilizaa chai nyingine. Wakubwa wa kule walipokuja huku kutia sahihi mambo ya barabara, katikati ya barabara ilitajwa kesi. Wakubwa wa huku walipokwenda kule kwa mambo ya kahawa, kwenye kahawa ilitajwa kesi. Haikutajwa kwa jina. Waliiita "lile suala". Mwambata ndiye aliyekuwa akibeba maneno, akiyatoa makali njiani kama mtu anayechambua mchicha, hivi kwamba kila upande ulipokea kutoka kwa mwenzake salamu njema tu. Hatimaye kesi ikaondolewa mahakamani kwa maelewano. Wachongaji wakapewa kitu, wakagawana. Mjomba akanunua mabati. Kuhusu vinyago vyenyewe, tamko la serikali hizo mbili lilisema kwamba suala hilo litaendelea kuzungumzwa kupitia njia zilizopo.

Hapo ndipo mjomba wangu alipokwama, na amekwama hapo miaka yote hii.

Kwenye makasha yale ilikuwamo nguzo yake. Ni gogo moja la mpingo, refu kama mlango, na juu yake amewachonga watu wote waliovuka naye mto Ruvuma alipokuwa mtoto, wakikimbia vita, mmoja juu ya mabega ya mwingine, kutoka chini hadi juu. Mama yangu yumo, alikuwa mdogo wake. Hakuna picha ya watu wale. Nani angepiga picha siku ile. Wengi walikufa kabla mie sijazaliwa. Nyuso zao zilikuwa mahali pawili tu duniani: kwenye ile nguzo na kichwani mwa mjomba.

Ungedhani basi angechonga nyingine. Gogo analo, kalilaza nyuma ya banda la karakana chini ya gunia. Lakini pale karakana wana mwiko wao, na mwiko huo hawautanii: kazi iliyo safarini haichongewi badala. Ukichonga badala umeiambia ile ya kwanza isirudi. Ni kama kumpa mtu mwingine kitanda cha msafiri. Mpaka upate habari kwamba kazi imefika inakokwenda, au imeungua, au imezama, unasubiri. Na habari aliyokuwa anaipata mjomba ni moja tu: mazungumzo yanaendelea.

Sasa wazia siku aliyokuja Goba kunitembelea, akanyoosha kidole juu mlimani akauliza, "Yule mwenye tai anayemwagilia michongoma ni nani?"

Nikamwambia. Kisha akasema, "Mpwa, Mungu amekuweka hapo kwa kazi."

Kazi yenyewe ikawa kubeba maneno. Mie mvivu wa kwenda dukani nikageuka njia ya kidiplomasia. Kila baada ya miezi michache simu inalia. "Jirani yako anasemaje?" Napanda mteremko, napewa chai ya tangawizi kwenye kikombe chenye sahani yake, nauliza. Jibu ni lile lile.

"Mwambie mjomba wako mawasiliano yanaendelea."

"Kati ya nani na nani, mzee?"

"Kati ya pande husika."

"Na pande husika ni akina nani kwa sasa?"

Alitazama bondeni, akanywa chai. "Kwa sasa," akasema, "ni mie na wewe."

Nami nikashuka nikampigia mjomba nikamwambia yanaendelea. Si uongo. Yalikuwa yanaendelea, nilikuwa nimetoka kuyaendeleza.

Nisije nikamchora Mwambata kama kikaragosi. Mtaa wetu kabla hajaja ulikuwa wa mapanga. Kuna majirani wawili hapo chini, mvua ikinyesha maji ya mmoja yanapita jikoni kwa mwingine, na walishafikishana polisi. Mwambata akaingilia. Msimu mzima wa masika alipanda na kushuka na mwavuli, akiketi huku, akiketi kule, akisema "mwenzako anakutakia heri" kwa mtu ambaye mwenzake alikuwa ametoka kumtukania mama. Mwishoni wakatoa tamko la pamoja. Tamko lilisema pande zote mbili zinasikitishwa na mvua. Maji yanapita jikoni hadi leo. Lakini watu wale wanapelekeana pilau, na mwenye jiko amenunua mabuti.

"Umesuluhisha nini sasa?" nilimuuliza.

"Sijasuluhisha. Nimewachosha."

Drafti hachezi. Vijana wa kijiweni walimkaribisha wakakoma. Anasema ni mchezo wenye dosari kwa kuwa lazima mmoja ashinde. Msibani ndiye anayepanga viti, na anajua bila kuambiwa shangazi yupi asikae karibu na mke mdogo. Na gari lao yeye na mkewe, pamoja na miaka yake yote ya kushinda na watu wa bima, limekatiwa bima ndogo, ile ya kumlipa utakayemgonga tu. Nikamtania kwamba mtaalamu mzima anaendesha na bima ya bodaboda.

"Kwanza siendeshi," akasema. "Pili, najua inavyofanya kazi."

Ni kweli haendeshi. Alipelekwa na madereva maisha yake yote, akasahau kujifunza. Anayeendesha ni mkewe, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi Mwananyamala, na huyo ndiye aliyepewa neno hapana kwa matumizi ya nyumba nzima. Ukiwa barazani umemwomba Mwambata jambo, naye anatafuta maneno ya kulipa uzito, utasikia kutoka jikoni: "Hapana." Mambo yamekwisha. Ni yeye aliyenikuta getini siku chache baada ya ile habari ya ngazi.

"Wewe kijana, unangoja ngazi?"

"Ndiyo mama. Mzee alisema atalitazama."

"Hana ngazi. Hajawahi kuwa na ngazi."

Nilisimama pale nikimwaza mtu anayeona ni rahisi kuanzisha mazungumzo kuliko kusema kitu hakipo. Nilicheka hadi nikakaa chini. Wakati huo sikuwa nimefikiria kwamba kuna mzee Mtoni anayengoja ngazi ya aina hiyo hiyo.

Nilikuja kufikiria mwaka huu. Nilikwenda Mtoni, safari niliyoiahirisha mara tatu, nikamkuta mjomba amekaa kwenye kigoda chake, mbele yake mwiko wa kupikia. Siku hizi anachonga miko na vitana. Kidole gumba kimefungwa kitambaa.

"Umefanyaje, mjomba?"

"Patasi imeniuma. Zamani ilikuwa inanijua."

Mke wa mjomba akaleta chai. Mjomba alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, na hata hivyo chai ikamwagika kwenye goti. Mie nikatazama bati.

Kama kawaida yake akaanza kunihesabia watu wa nguzo, kutoka chini kwenda juu. Ndivyo anavyowatunza. Chini kabisa babu mwenye fimbo. Juu yake yule mama aliyebeba moto kwenye chungu. Juu yake mapacha. Kila mmoja ana pua yake, yeye anasema sura ni pua, mengine ni mapambo. Alipofika katikati akanyamaza. Akarudi chini, akaanza upya. Akanyamaza pale pale.

"Mama yako nilimweka wapi?" akaniuliza.

Mie sijui. Sikuwahi kuiona ile nguzo ikiwa kamili. Ilifungwa kwenye kasha mie nikiwa nyumbani kwetu, nimejilalia.

"Nilimweka mahali pazuri," akasema. "Nakumbuka nilichagua." Kisha, polepole, "Mpwa, ule mti hapo nyuma. Wangeniambia tu. Wangeniambia imeungua, ningeanza kesho. Mikono hii haina masika mengi."

Niliporudi Goba sikupitia kwangu. Nilipanda moja kwa moja hadi barazani kwa Mwambata, nikakataa chai. Kukataa chai ya mtu yule ni kama kumrudisha balozi wake kwao. Alielewa, akanyoosha tai.

"Mzee, nguzo inarudi au hairudi?"

"Swali lako limekuja moja kwa moja sana, jirani."

"Mikono yake inatetemeka. Na ameanza kusahau. Asipochonga mwaka huu hachongi tena, na watu wale watakuwa wamekufa mara ya pili."

"Suala hili lina historia..."

"Inarudi au hairudi?"

Nilikuwa sijawahi kumkatisha mtu mzima kauli. Nilitegemea neno kutoka jikoni. Mkewe alitoka mwenyewe, anafuta mikono kwa kanga, akasimama mlangoni. Safari hii hakumsemea.

"Mjibu," akamwambia.

Mwambata alitazama sahani ya kikombe. "Sikuwahi kuelekezwa nijibu nini," akasema. "Kila mwaka niliuliza makao makuu. Kila mwaka walisema msimamo ni ule ule. Kisha waliokuwa wanausimamia wakastaafu. Kisha nami."

"Kwa hiyo msimamo uko na nani?" nikauliza.

Mkewe akasema, "Uko hapa barazani, unakunywa tangawizi. Kesho nawasha gari. Utakwenda Mtoni umwambie mwenyewe kwa mdomo wako, na mie sitakusaidia hata silabi."

Tukaenda. Mwambata mbele kwenye kiti cha abiria, suti ya kijivu, mikono kwenye magoti. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikicheza. Nadhani alikuwa akiandaa hotuba. Tulipofika barabara ya Kilwa alimwomba mkewe asimamishe gari anunue machungwa, kwamba si vizuri kwenda mikono mitupu. Mkewe hakupunguza hata mwendo.

Mjomba alikuwa karakana, peke yake, kwenye kigoda. Wazee wale wawili wakatazamana. Likazuka tatizo la nani amwamkie nani, kwa kuwa hakuna aliyejua nani mkubwa, na Mwambata si mtu wa kubahatisha jambo kama hilo. Mjomba ndiye aliyemwokoa.

"Karibu, mheshimiwa. Kaa. Kigoda hicho kina vumbi lakini hakina itifaki."

Mwambata akakaa na suti yake. Akakohoa. Akaanza kwa kumshukuru mjomba kwa uvumilivu, akasema uhusiano baina ya nchi zile mbili ni wa muda mrefu, akasema pande zote zinatambua mchango wa sanaa. Mjomba alichukua msasa akaendelea na kitana chake. Mkewe Mwambata alikuwa amesimama kwenye nguzo ya banda, kanga begani, anatazama barabarani, kimya kama alivyoahidi. Mie nilitamani niwe na kuku wangu.

Maneno yakaanza kumwishia. Yalikuwa yanatoka machache machache, kama bomba la mtaani jioni. Mwishowe yakakauka kabisa. Palisikika msasa tu.

"Hairudi," akasema.

Msasa ukasimama.

"Watu wa soko walipowalipa, nguzo ikawa mali yao. Ndiyo sheria ya bima. Akikulipa kilichoharibika, mabaki ni yake. Nililijua hilo tangu siku ile. Niliwaomba wairudishe kwa hisani. Walisema watalitazama." Alivuta pumzi. "Nimeiona. Nilialikwa chai kwenye jumba la soko lao. Wameisimamisha ukumbini, mlangoni. Watu wakiingia na mvua wanaegemeza miavuli yao pale."

Nilimtazama mjomba. Niliogopa patasi, iko karibu na mkono wake.

"Imesimama wima?" mjomba akauliza.

"Wima."

"Haiyumbi?"

"Haiyumbi. Nilishuhudia bwana mmoja mnene akiiegemea."

Mjomba akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ufa uko wapi?"

"Nyuma. Mwembamba. Unapita kando ya mapacha, haujawagusa."

"Ulitazama mpaka nyuma?"

"Kila waliponialika nilikuwa nafika mapema," Mwambata akasema. "Naizunguka. Nilikuwa naona haya kukaa kabla sijaizunguka."

Mjomba alisogea mbele kwenye kigoda, sauti imeshuka. "Upande unaotazama mlango ni upi?"

"Ule wa mtoto wa kike." Mwambata alifumba macho, na mikono yake ikapanda hewani mbele ya uso wake, yenyewe, ikishika kitu ambacho hakipo. "Amekaa juu ya shingo ya mtu mwenye ndevu. Amemshika masikio yote mawili, hivi. Anacheka, jino moja la mbele hana."

Mjomba akanigeukia. "Hapo," akasema. "Hapo ndipo nilipomweka mama yako." Nikajitia kufuta vumbi la mpingo machoni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya Kusini, ambayo yakianza hutakiwi kuwa karibu. Badala yake mjomba aliweka kitana chini, akajishika magoti, akasimama.

"Kwa hiyo imefika," akasema.

"Samahani?"

"Nguzo yangu. Ilikuwa safarini. Imefika, imesimama, imepewa kazi. Kuna mwenzangu kazi yake mpaka leo haijulikani hata bahari gani." Akatembea hadi nyuma ya banda, akavuta gunia. Gogo lilikuwa limelala pale na vumbi lake. Akalipapasa kwa kiganja, kuanzia chini kwenda juu, na kiganja kinatetemeka njia nzima. "Lakini mheshimiwa, hebu niambie. Neno moja tu. Hairudi. Miaka yote hii lilikuwa zito kiasi gani?"

"Halikuwa limeidhinishwa," Mwambata akasema.

"Na leo nani kaliidhinisha?"

Mwambata aligeuka akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa bado anatazama barabara. Akanitazama mie, nami sina cheo. Akafikiri kwa muda mrefu, kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta faili ambalo anajua lilikuwapo.

"Nadhani," akasema, "leo nimestaafu."

"Vizuri," mjomba akamwambia, akainamia ncha moja ya gogo. "Basi shika huku."